Kinachobaki Baada ya Kuiondoa Nyota

Kupiga picha ya diski ya vumbi inayozunguka nyota changa ni, kwa sehemu kubwa, kazi ya kuondoa mwanga. Beta Pictoris, nyota iliyo umbali wa takriban miakanuru 63 kutoka kwetu, ina mojawapo ya diski angavu kuliko zote tunazozijua, na hata hivyo vumbi lake hunasa sehemu mbili hivi tu kati ya kila elfu moja za mwanga wa nyota na kuzitoa tena kama joto. Diski nyingi ni hafifu kuliko hiyo mara kumi, mara mia au zaidi. Anayetaka kuziona ni lazima kwanza aizime nyota, kwa vifaa na kwa hesabu, bila kulizima vumbi lililo kando yake. Katika miaka niliyoifanya kazi hii, nikianza kama mwanafunzi wa uzamivu Ulaya baada ya kusoma fizikia Dar es Salaam, nimefikia kuamini kwamba swali la kwanza la kuiuliza picha yoyote ya namna hii linahusu kilichoondolewa: kiliondolewaje, na kiliondoka na nini.

Diski ninazozizungumzia zisichanganywe na zile za utotoni kabisa mwa nyota. Nyota inapozaliwa huzungukwa na gesi na vumbi kwa wingi, na ndani ya miaka milioni chache sehemu kubwa ya gesi hiyo hutoweka. Vumbi linaloonekana baada ya hapo ni la kizazi kingine. Chembe ndogo mno husukumwa nje na mwanga wenyewe wa nyota, na zilizo kubwa kidogo hupoteza mwendo polepole na kuzunguka zikielekea ndani mpaka zinateketea. Kwa vyovyote vile, chembe moja haiwezi kudumu kwa umri wote wa nyota. Kwa hiyo tunapoiona Beta Pictoris, yenye umri wa miaka milioni 20 na ushei, ikiwa bado imezungukwa na vumbi tele, tunajua kwamba vumbi hilo linatengenezwa upya kila wakati na mawe, asteroidi na nyotamkia zinazogongana na kusagana. Tunachokipiga picha ni unga wa kinu ambacho mawe yake yenyewe hatuyaoni. Ndiyo maana naipenda kazi hii kuliko nyingine yoyote ya unajimu: ni njia ya kuona mfumo wa sayari ukiwa bado unajengwa na kubomolewa kwa wakati mmoja.

Historia yake inaanza kwa jambo ambalo halikutafutwa. Mwaka 1983 chombo cha angani kiitwacho IRAS, kilichopima mawimbi ya infraredi, yaani mwanga wa joto usioonekana kwa macho, kilikuwa kikiitumia nyota Vega kama kipimo cha kusawazishia vifaa vyake, na Vega ikaonekana kutoa joto jingi kuliko nyota ya aina yake inavyopaswa. Joto hilo la ziada lilitoka kwenye vumbi. Baadaye Fomalhaut, Beta Pictoris na Epsilon Eridani zikaonekana kuwa na ziada kama hiyo. Mwaka 1984 Bradford Smith na Richard Terrile, wakitumia darubini ya mita 2.5 huko Las Campanas, Chile, waliziba mwanga wa Beta Pictoris kwa koronagrafu, wakailinganisha picha yake na ya nyota nyingine isiyo na diski, na ukabaki mstari wa mwanga pande mbili za nyota uliofika mbali zaidi ya mara 400 ya umbali kati ya Dunia na Jua. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya diski ya namna hii. Koronagrafu yenyewe ilibuniwa na Mfaransa Bernard Lyot mwanzoni mwa miaka ya 1930 ili kutazama taji la Jua bila kungoja kupatwa.

Tangu siku hiyo mbinu imebaki ile ile kimsingi: ziba, kisha toa kilichobaki cha nyota. Kilichobadilika ni ukali wa vifaa. Data nilizofanyia kazi kwa muda mrefu zaidi zilitoka kwenye kifaa kiitwacho SPHERE, kilichofungwa mwaka 2014 kwenye mojawapo ya darubini nne kubwa za mita 8.2 zilizoko Paranal, katika jangwa la Atacama. Hewa iliyo juu ya darubini haitulii hata kwa sekunde moja, nayo huufanya mwanga wa nyota utawanyike na kuchezacheza. SPHERE ina kioo chembamba kinachobadilisha umbo lake zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde ili kuufuta mtikisiko huo. Kisha hufuata koronagrafu, ambayo huziba kitovu cha nyota. Digrii moja ya anga ikigawanywa sehemu 3,600, kila sehemu huitwa sekunde ya pembe, na pikseli moja ya kamera ya infraredi ya SPHERE huchukua takriban sehemu 12 tu kati ya elfu moja za sekunde hiyo.

Hata baada ya yote hayo, fremu moja mbichi ya SPHERE haionyeshi diski. Inaonyesha uwanja wa madoadoa ya mwanga, mengine yamekolea na mengine yamefifia, yakilizunguka doa jeusi la katikati. Madoadoa hayo ni mwanga wa nyota uliovuja kwa sababu ya kasoro ndogo ndogo za vioo na mtikisiko ambao kioo chembamba hakikuuwahi. Mwanafunzi anayeona fremu hiyo kwa mara ya kwanza hudhani kifaa kimeharibika. Mimi niliitazama kwa muda mrefu nikijaribu kuelewa ni vipi kitu hafifu kuliko madoadoa yote hayo kingeweza kuchotwa humo.

Njia inayotumika sana hutegemea mzunguko wa Dunia. Darubini ya Paranal huifuata nyota kwa kugeuka kulia na kushoto na kuinuka na kushuka, na ikiwa kamera itaachwa ifungamane na vioo badala ya kufungamana na anga, basi kasoro za vioo hubaki mahali pamoja kwenye picha ilhali anga lenyewe, pamoja na diski, huzunguka taratibu kuizunguka nyota. Baada ya saa moja au mbili unakuwa na mamia ya fremu ambamo madoadoa yamesimama na diski imegeuka. Unachukua thamani ya kati ya kila pikseli katika fremu zote, unapata picha ya nyota bila diski, unaitoa kwenye kila fremu, kisha unazigeuza fremu zote zilingane na anga na kuzijumlisha. Christian Marois na wenzake waliieleza mbinu hii kwa ukamilifu mwaka 2006, na sehemu kubwa ya sayari tulizozipiga picha moja kwa moja zimepatikana kwa namna yake.

Nilifundishwa kazi hii kwa kutumia data za nyota HR 4796A, ambayo naamini kila anayeanza angepaswa kuanza nayo. Iko umbali wa takriban miakanuru 235, ina umri wa miaka kama milioni 10, na vumbi lake limekusanyika katika pete nyembamba yenye nusu-kipenyo cha mara 77 hivi ya umbali wa Dunia na Jua, yaani zaidi kidogo ya sekunde moja ya pembe angani. Pete hiyo imelala kiasi kwamba tunaiona kama duaradufu iliyobanwa. Nilipoendesha programu kwa mara ya kwanza na fremu zikajumlishwa, ilitokea kwenye skrini ikiwa nyembamba na safi kuliko nilivyotarajia. Lakini kando yake, ndani na nje, palikuwa na mikanda myeusi, yaani sehemu ambazo programu ilidai zina mwanga pungufu ya sifuri. Hakuna kitu angani chenye mwanga pungufu ya sifuri. Mikanda ile ilikuwa alama ya diski iliyojila yenyewe.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo zima, na naomba msomaji anivumilie nikae hapo kidogo. Mbinu ya mzunguko hudhani kwamba kila kisichosogea ni nyota. Diski, hata hivyo, ni kitu kipana. Inapozunguka digrii chache, sehemu yake moja huingia mahali palipokuwa na sehemu nyingine, na programu huona mwanga uliosimama, huuhesabu kuwa wa nyota na kuutoa. Diski tunayoiona kwa ubavu, kama ile ya Beta Pictoris, huponea sana kwa sababu ni mstari mwembamba unaohama kabisa kutoka mahali pake. Pete iliyolala kiasi, kama ya HR 4796A, hubaki lakini ikiwa imepunguzwa unene na mwanga, zaidi karibu na nyota. Diski iliyotuelekea uso kwa uso, ikiwa duara kamili, hupotea yote, kwa kuwa ukiizungusha haibadiliki. Kwa maneno mengine, mbinu hii huchagua umbo la kile itakachokionyesha kabla haijaonyesha chochote, na yeyote anayepitia picha nyingi zilizochapishwa na kuona mistari na duaradufu nyembamba kila mahali anapaswa kukumbuka hilo kabla hajasema kwamba diski za vumbi kwa kawaida ni nyembamba.

Msimamizi wangu alikuwa na sharti moja ambalo mwanzoni lilinichosha na sasa nalitumia kwa wanafunzi ninaowasaidia: hakuna picha inayoingia kwenye rasimu ya makala kabla ya kutengeneza diski ya bandia, kuipandikiza ndani ya fremu mbichi za nyota nyingine isiyo na diski, na kuipitisha katika hatua zote zile zile. Ukiipandikiza diski pana na laini ikatoka ikiwa pete nyembamba yenye kingo kali, umejifunza jambo ambalo picha pekee isingekuambia. Nilitengeneza diski za bandia za kila namna, pana na nyembamba, zilizolala na zilizosimama, na jedwali la kile kilichoingia na kile kilichotoka likawa lenye thamani kwangu kuliko picha zenyewe. Kazi ya kupima unene au mwanga wa diski siku hizi hufanywa kwa njia hiyo: hupimi picha iliyosafishwa, unatafuta diski ya hesabu ambayo, baada ya kuharibiwa na usafishaji ule ule, inafanana na ulichokipata.

Zipo njia nyingine mbili, nazo nitazipitia haraka. Ya kwanza ni kutumia nyota nyingine kama kielelezo, jinsi Smith na Terrile walivyofanya. Haili diski, ila inahitaji nyota inayofanana na yako na hali ya hewa inayofanana, na hilo ni gumu kwa darubini za ardhini. Kwa darubini ya Hubble, isiyosumbuliwa na hewa, njia hii imefanya maajabu: mwaka 2014 Rémi Soummer na wenzake walizirudia picha za zamani za kamera ya NICMOS zilizokuwa zimelala katika hifadhi, wakazisafisha upya kwa maktaba ya nyota nyingi za kielelezo, na diski tano ambazo hazijawahi kuonekana kwa mwanga ulioakisiwa zikajitokeza. Data zilikuwepo miaka yote hiyo. Njia ya pili hutumia ukweli kwamba mwanga unaogonga vumbi na kugeuka huanza kutetemeka zaidi kuelekea upande mmoja, yaani hupata polaraizesheni, wakati mwanga wa moja kwa moja wa nyota hautofautiani kwa pande. Ukipiga picha mbili kwa mpigo, kila moja na upande wake, kisha ukatoa moja kwa nyingine, nyota hufutika na vumbi hubaki, hata likiwa limetuelekea uso kwa uso.

Ila njia hii nayo ina siri yake. Pete ya HR 4796A ilipopigwa picha kwa polaraizesheni na kifaa cha Gemini Planet Imager kilichokuwa kwenye darubini ya Gemini Kusini huko Cerro Pachón, upande wake wa magharibi ulionekana kung'aa mara tisa au zaidi kuliko wa mashariki, ingawa katika mwanga wote kwa jumla tofauti ya pande hizo ni ya wastani tu. Pete ni ile ile. Kinachotofautiana ni jinsi chembe za vumbi zinavyougeuza mwanga kwa kila pembe, na jambo hilo lenyewe linatueleza ukubwa na muundo wa chembe hizo. Kwa hiyo sikubali tena kusema "upande huu una vumbi zaidi" kwa kutazama picha ya aina moja.

Mjomba wangu, ambaye alikuwa na studio ya picha Tanga tangu enzi za filamu, aliiona picha ya pete hiyo kwenye simu yangu nilipokwenda likizo. Aliitazama kwa makini ya mtu aliyekaa chumba cha giza kwa miaka mingi.

"Hapa katikati mmefuta nini, mjomba?"

"Nyota yenyewe, mjomba. Isingefutwa, pete isingeonekana."

"Na mmefuta nini kingine pamoja nayo?"

Nilimweleza kuhusu mikanda myeusi na diski za bandia, naye akataka kuona fremu mbichi. Nilikuwa nazo. Alipoziona akasema kwamba angetaka zote mbili zitundikwe ukutani pamoja, ile mbichi na ile iliyosafishwa, na tangu hapo kila ninapotoa mhadhara naziweka ubavu kwa ubavu.

Jaribio lililonifunza zaidi lilihusu nyota ambayo sitaitaja, kwa kuwa si muhimu ni ipi. Ilikuwa na ziada ya joto iliyopimwa vizuri kutoka angani, kwa hiyo tulijua kwamba vumbi lipo. Baada ya kusafisha data ukatokea mwanga mrefu pande mbili za nyota, umenyooka, mfano wa diski inayotazamwa kwa ubavu. Kila mtu ofisini alisogea kuutazama. Wanaoijua SPHERE wanajua pia kwamba upepo mkali wa juu sana, ule unaovuma kilomita kama 12 juu ya usawa wa bahari, unapoenda kasi kuliko kioo chembamba kinavyoweza kujirekebisha, huacha utandu wa mwanga wenye umbo la mabawa mawili, umeelekea upande upepo unakovuma. Tulifanya mambo matatu. Tuliigawa data ya usiku ule mafungu mawili na kuyasafisha kila moja peke yake. Tuliangalia rekodi za mwelekeo wa upepo wa juu kwa saa zile. Na tulitafuta katika hifadhi usiku mwingine ambapo nyota ile ile ilipigwa picha. Katika usiku huo wa pili mwanga mrefu ulikuwepo, lakini umeelekea kwingine, na ulifuata upepo. Diski haigeuki upande kwa miezi michache. Tuliandika kwamba hatukuona diski, tukaeleza ni diski ya mwanga kiasi gani ambayo tungeiona kama ingekuwepo, na naona fahari kwa ukurasa ule kuliko kwa picha nyingi nzuri.

Kutoona huko ni sehemu kubwa ya fani hii na husemwa kidogo. Timu ya Gemini Planet Imager ilipochapisha mwaka 2020 matokeo ya uchunguzi wa nyota 104 zilizochaguliwa kwa sababu ya ziada yake ya infraredi, diski za vumbi la mabaki zilizoonekana zilikuwa 26, ingawa nyota 38 kati ya zote zilikuwa na diski zilizokwisha kuonekana awali kwa vyombo mbalimbali. Vumbi lipo, joto lake limepimwa. Lakini huenda limesambaa mno, au lipo karibu mno na nyota, au limetuelekea uso kwa uso, au chembe zake haziakisi mwanga vizuri. Kila mojawapo ya sababu hizo ni habari kuhusu mfumo ule, ikiwa mwandishi ataeleza waziwazi mipaka ya kifaa chake.

Kwa upande mwingine, kuona nako hakutoshi. Fomalhaut, iliyo umbali wa miakanuru 25, ina pete kubwa ambayo Paul Kalas na wenzake waliionyesha kwa Hubble mwaka 2005. Kitovu cha pete hiyo kiko kando ya nyota kwa takriban mara 15 ya umbali wa Dunia na Jua, na hilo lilifanya wengi wahisi kwamba kuna sayari inayoivuta. Mwaka 2008 kundi hilo likatangaza nukta ya mwanga ndani ya eneo la pete, iliyosogea kati ya picha za 2004 na 2006, nayo ikapewa jina Fomalhaut b. Nukta ilikuwepo kweli. Wengine waliisafisha data ile kwa njia zao na wakaipata. Ila haikuonekana katika infraredi, ambako sayari changa ingepaswa kung'aa. Mwaka 2020 András Gáspár na George Rieke walionyesha kwamba kadiri miaka ilivyopita ilipanuka na kufifia hadi ikatoweka, kama wingu la vumbi lililotokana na kugongana kwa miamba miwili mikubwa. Nikiwasimulia wanafunzi kisa hiki huwa wanasikitika kwamba sayari imepotea. Mimi naona tulipata kitu adimu zaidi: tukio lenyewe linalotengeneza vumbi, limenaswa likitokea, katika mfumo ambao hadi wakati huo tulikuwa tunakisia tu kwamba miamba inagongana.

Beta Pictoris ilikwenda kinyume chake. Picha za Hubble za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba sehemu ya ndani ya diski imepinda kidogo, na hesabu zikasema sayari iliyoinama kidogo ingeweza kuipinda hivyo. Anne-Marie Lagrange na wenzake walipata katika data za 2003 nukta karibu na nyota, wakaitangaza mwaka 2008, na ilipotokea upande wa pili wa nyota, jambo lililochapishwa mwaka 2010, shaka ikaisha. Vumbi lilikuwa limetabiri sayari.

Ninachokisisitiza siku hizi ninapozungumza na wenzangu ni kwamba kila urefu wa wimbi hutuonyesha vumbi la ukubwa wake. Mwanga ulioakisiwa huonyesha chembe ndogo, ambazo husukumwa mbali na mahali zilipozaliwa. Mitambo ya ALMA, iliyoko pia Atacama, hupokea mawimbi ya milimita kutoka kwenye chembe kubwa zinazokaa karibu na miamba iliyozizaa. AU Microscopii, nyota nyekundu ndogo iliyo umbali wa miakanuru 32 hivi, ni mfano mzuri. Picha za SPHERE za mwaka 2014 zilipolinganishwa na za Hubble za 2010 na 2011, kwenye diski yake palionekana mawimbi ya vumbi yanayokimbia kuelekea nje, mengine kwa kasi inayotosha kuitoroka nyota kabisa. Darubini ya James Webb nayo imeongeza maswali: mwaka 2023 ilionyesha kwamba Fomalhaut ina mikanda mitatu, na mwaka 2024 ikaonyesha diski ya Vega ikiwa laini ajabu, bila dalili ya sayari kubwa inayoichonga. Nyota hizo mbili zinakaribiana kwa umri na kwa aina. Kwa nini vumbi lao ni tofauti hivyo ni swali ambalo ningependa kulifanyia kazi kwa miaka mingi ijayo.

Watu wa nyumbani huniuliza kama kuna namna ya kuona kitu cha aina hii bila darubini. Ipo. Sisi wenyewe tunaishi ndani ya diski hafifu ya vumbi, litokalo zaidi kwa nyotamkia na asteroidi, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta njia ya Jua husimama wima juu ya upeo wa macho kwetu kuliko kwa watu wa Ulaya. Mahali palipo mbali na taa, wakati hakuna mwezi, kabla ya mapambazuko huonekana mwanga mweupe mrefu umesimama mashariki. Waislamu wa mwambao wameujua mwanga huo tangu zamani kuwa ni alfajiri ya uongo, ambayo haihalalishi sala ya asubuhi, na huitofautisha na alfajiri ya kweli inayotanda upana wa upeo. Vumbi letu hilo ni haba mno kiasi kwamba mfumo kama wetu, ukiwekwa mahali ilipo HR 4796A, hakuna kifaa tulicho nacho leo ambacho kingeipiga picha diski yake.

Kwa mwanafunzi wa fizikia aliyeko Dodoma, Nairobi au Lubumbashi, data nyingi nilizozitaja hazina kizuizi. Hifadhi ya darubini za Ulaya zilizoko Paranal na ile ya Hubble ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, na programu za kusafisha fremu, zilizoandikwa kwa Python, hutolewa bure. Anza na HR 4796A, kisha pandikiza diski yako ya bandia, ndipo uende kwenye nyota isiyojulikana. Kabla ya hayo yote, hakiki kitovu. Nyota imezibwa na koronagrafu, kwa hiyo mahali ilipo hupatikana kwa madoa manne ambayo kioo chembamba huyatengeneza makusudi kuizunguka. Pima makutano ya madoa hayo mwanzoni na mwishoni mwa usiku. Pete ya HR 4796A haijatulia sawasawa katikati ya nyota yake, ila utofauti huo ni mdogo sana, na kitovu kilichokosewa kwa pikseli moja kinaweza kuufuta au kuuzidisha.